Super Metro na Barabara ya Kitengela

Super Metro ni kampuni binafsi ya mabasi iliyoanzia njia ya Nairobi hadi Kikuyu katikati ya miaka ya 2010, ikasambaa hadi Juja, Thika, Ngong, Rongai na Kitengela. Kufikia mwaka 2025 jina lake lilikuwa ubavuni mwa magari zaidi ya 500. Katika Kaunti ya Kajiado, ambako miji inayopakana na Nairobi hupeleka watu wake kazini alfajiri na kuwapokea usiku, kampuni hiyo iliingia kwenye biashara iliyokwisha kupita katika mikono mingi. Ilipanda haraka kwa sababu ilitibu kero ambazo abiria walikuwa wamezizoea hadi wakazichukulia kuwa ndiyo hali ya dunia. Ilipotikisika, ilitikiswa na kero zile zile.

Kampuni binafsi ya kwanza kuacha alama kubwa katika usafiri wa Kajiado haikuwa na mabasi. Magadi Soda iliundwa mwaka 1911 ili kuchimba magadi katika ziwa lililoko kusini mwa Bonde la Ufa, na mzigo huo ulihitaji njia ya kufika bandarini. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Konza, kwenye njia kuu ya Mombasa, ikapita Kajiado na kushuka bondeni hadi Magadi, ambako ilifika mwaka 1915. Mji wa Kajiado ulikua kando ya stesheni yake. Hata hivyo, reli ilijengwa kwa ajili ya magadi. Mfugaji aliyetaka kwenda Nairobi alitegemea miguu yake, lori la mizigo, na baadaye gari lolote lililokubali kumchukua.

Kitengela haikuguswa na reli hiyo. Kituo kidogo cha biashara kilichojulikana kama Noonkopir kilisimama kando ya barabara iendayo Namanga, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya Nairobi, katikati ya malisho ya Wamaasai wa Kaputiei. Wanyama wa Mbuga ya Nairobi walipita hapo kila mwaka wakifuata majani. Mambo mawili yaliigeuza nchi hiyo. Kwanza, ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988, na shamba lililokuwa la jamii likawa viwanja vyenye hati, vinavyouzika. Pili, sheria ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje ilipitishwa mwaka 1990, na eneo kubwa la viwanda hivyo, EPZ, likajengwa Athi River, mwendo mfupi kutoka Kitengela. Washonaji nguo wa EPZ walihitaji vyumba vya kupanga. Baada yao wakaja watumishi wa Nairobi waliochoka na kodi za mjini, wakanunua viwanja vya robo ekari au vidogo zaidi. Sensa ya 2009 iliwahesabu watu 58,167 katika mji wa Kitengela. Ile ya 2019 ikawahesabu 154,436. Katika miaka hiyo kumi kaunti nzima ilitoka watu 687,312 hadi 1,117,840.

Ukuaji huo wote ulitegemea magari ya watu binafsi. Nairobi ilikuwa na Kenya Bus Services tangu 1934, lakini mabasi yake yalikuwa ya mji, yakiendeshwa kwa makubaliano na baraza la jiji. Serikali ilijaribu kuingia yenyewe mwaka 1986 kwa mabasi ya Nyayo. Mradi huo ulikuwa umekufa kabla ya muongo wa 1990 kuisha. Kilichobaki ni matatu. Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni maalumu ya usafirishaji, na sheria ya 1984 ikazitambua rasmi na kuanza kuzibana. Kufikia miaka ya 1990, anayeishi Ngong alijua njia namba 111, wa Rongai 125, wa Kiserian 126, na wote walijua kwamba gari haliondoki mpaka lijae.

Mfumo wa fedha ndani ya matatu unaeleza karibu kila kitu kilichofuata. Mwenye gari hapandi gari lake. Analikabidhi kwa dereva na makanga kwa sharti moja: jioni walete hesabu, yaani kiasi cha fedha kilichokubaliwa kwa siku. Mafuta yanatoka kwenye makusanyo. Ada za steji nazo zinatoka humo, pamoja na chochote cha kumlainisha askari barabarani. Kinachobaki baada ya hesabu ndicho mshahara wa watu wawili waliotoka nyumbani saa kumi usiku. Siku ambayo barabara ya Mombasa, njia ya kuingia mjini, imeziba pale Cabanas kwa saa mbili, hesabu haipungui. Dereva anajua kwamba raundi moja ya ziada asubuhi, kabla watu wa ofisi hawajaisha, ndiyo tofauti kati ya kurudi nyumbani na kitu na kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo anakanyaga mafuta, anapanda ukingo wa barabara, na jioni mvua ikianza kunyesha nauli ya Kitengela inapanda kabla matone ya kwanza hayajakauka kwenye kioo.

Kuna kero nyingine ambayo watu wa barabara ya Namanga waliijua vizuri kuliko wengi. Abiria alipanda Nairobi kwa nauli ya Kitengela, na gari likifika Mlolongo au Athi River makanga anatangaza kwamba halifiki. Waliobaki wachache wanahamishiwa gari jingine, wakati mwingine kwa ugomvi, na lile la kwanza linageuza kurudi mjini ambako foleni ya abiria bado ni ndefu. Kwa dereva ni hesabu nzuri. Kwa mama aliyebeba mtoto usiku Mlolongo, ni kuachwa kwenye vumbi la malori.

Serikali ilijaribu kuinyoosha biashara hii kwa mikupuo. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kazi tarehe 1 Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni na sare za wafanyakazi, na gari lililokuwa likibeba watu 18 likabaki na 14. Kwa miezi kadhaa Wakenya walisafiri kwa utulivu ambao hawajausahau, kisha kamba ikalegea. Mwishoni mwa 2010 ikaja amri nyingine, ambayo kwa historia ya Super Metro ni kubwa kuliko ile ya Michuki: kila mwenye matatu ajiunge na saco, yaani chama cha ushirika, au kampuni. Sheria ya 2012 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, na kanuni zake za 2014 zikasema leseni itatolewa kwa chombo chenye magari yasiyopungua 30, chenye uwezo wa kuyasimamia, na kinachowaajiri madereva na makondakta kwa mikataba.

Nia ilikuwa kupata mtu mmoja wa kuulizwa. Badala ya kumsaka mwenye gari moja aliyejificha nyuma ya jina la shemeji yake, mamlaka ingeita saco nzima. Saco nyingi, hata hivyo, zilizaliwa kwa ajili ya leseni tu. Zilikusanya ada, zikagawana steji, na kuyaacha mambo ya ndani ya gari kama yalivyokuwa. Katika njia ya Kitengela vyombo kadhaa, Rembo Shuttle ikiwa miongoni mwao, vilijenga jina kwa abiria wa kila siku, na ushindani wao ndio ulioifanya njia hiyo kuwa na magari ya kutosha kwa mji uliokuwa ukifura hivyo.

Super Metro, ikiongozwa na Nelson Nduki, ilichagua umbo la kampuni, na ikaichukua kanuni ya 2014 kwa uzito kuliko wengi. Magari ni ya wawekezaji mbalimbali, kila mmoja akileta basi lake, lakini rangi, jina, njia na nidhamu ni vya kampuni. Abiria alipewa risiti ya nauli aliyolipa. Kwa msomaji asiyeijua matatu hilo linaweza kuonekana dogo. Risiti maana yake nauli imeandikwa, na nauli iliyoandikwa haiwezi kubadilika kati ya steji za Bellevue na Imara Daima kwa sababu wingu limetanda. Maana yake pia ni kwamba aliyeonewa ana karatasi mkononi anapopiga simu kulalamika. Makondakta walivaa sare na kuonywa dhidi ya matusi, muziki ukapunguzwa, na gari lililoandikwa Kitengela likafika Kitengela. Abiria waliolelewa na makelele ya makanga walianza kuyapita magari matupu wakisubiri lenye jina hilo. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, na haukupatikana kwa tangazo la redioni. Ulipatikana kwa kuwatendea abiria kama watu waliolipa.

Mabasi yenyewe yalikuwa mengi ya Isuzu ya viti 33, aina iliyochukua nafasi ya Nissan za watu 14 katika njia nyingi za Nairobi. Chasisi za Isuzu huunganishwa kwenye kiwanda kilichoko barabara ya Mombasa, ambacho hadi 2017 kilikuwa cha General Motors. Kiwanda kimebadilisha jina, lakini steji iliyo mbele yake bado inaitwa General Motors, na magari ya Kitengela hupita hapo asubuhi na jioni.

Kukua huko kulileta mgogoro wa kwanza, ule wa steji. Katika mji wowote wa Kenya njia si barabara tu, ni miliki ya watu waliokuwa hapo kwanza. Kamagera anayejaza magari, kijana anayepokea ada ya kila raundi, saco iliyolipia nafasi ya kuegesha, wote wanaishi kwa utaratibu uliopo. Chombo kipya kinapoingia na magari 20 kwa mpigo, na abiria wakakipenda, mapato ya waliotangulia yanaanguka wiki ile ile. Kuzuiwa kupakia, kuvunjiwa vioo na kushtakiana kwa kaunti vimekuwa desturi ya njia nyingi karibu na Nairobi, na upanuzi wa Super Metro uliingia katika uwanja huo. Wapinzani wake walilalamika kwamba kampuni moja inameza njia za wengi. Malalamiko hayo hayakuwa ya wivu peke yake: mwenye gari moja, aliyekopa benki kulinunua, hana pa kuhamia. Lakini abiria naye alikuwa amekwisha kupiga kura yake kwa miguu.

Janga la Korona lilipima vyombo vyote. Tarehe 6 Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta alifunga eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake, na katika Kajiado mpaka ulichorwa kwa namna iliyoonyesha wazi mji upi ni kiunga cha Nairobi: Kitengela, Rongai, Kiserian na Ngong zilikuwa ndani, Isinya na Kajiado mjini zikawa nje. Kwa miezi mitatu, hadi mapema Julai, aliyefanya kazi Kitengela na kulala Isinya alikutana na kizuizi cha polisi katikati ya maisha yake. Gari la watu 14 lilitakiwa kubeba wanane, na mabasi makubwa yasizidi asilimia 60 ya viti. Nauli zikapanda, nyingine mara mbili. Machi 2021 Kajiado nzima ilifungwa tena pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Nakuru, hadi Mei Mosi. Viti vyote viliruhusiwa tena Agosti mwaka huo, lakini nauli hazikurudi zote zilikotoka, na ruzuku ya mafuta ilipopunguzwa Septemba 2022, kisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ikapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, hapakuwa tena na cha kuzirudisha.

Wakati huo huo barabara ya Mombasa ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa Mei 2022. Mwenye gari dogo wa Kitengela, akiwa na fedha ya ada, alianza kufika mjini kwa muda ambao zamani ungemfikisha Cabanas. Matatu nyingi zilibaki chini, kwenye njia zilizobanwa na nguzo. Barabara hiyo ilijengwa haraka, na walio wengi zaidi ndio wasioitumia.

Kadiri magari ya Super Metro yalivyoongezeka ndivyo pengo la usimamizi lilivyopanuka. Kampuni yenye magari 30 inaweza kumjua kila dereva kwa jina na tabia. Yenye magari zaidi ya 500, kila moja likiwa na mwekezaji wake na kila moja likihitaji dereva, makondakta na watu wa kushikilia siku za mapumziko, inahitaji ofisi kubwa, rekodi sahihi na ujasiri wa kulisimamisha gari linaloleta fedha. Rangi ya basi ilikuwa ya kampuni, lakini mahitaji ya kila siku ya mwenye gari yalibaki pale pale. Mitandaoni, pamoja na sifa, zilianza kusambaa video za mabasi yake yakikimbizana. Sifa ya utulivu ilipatikana polepole, na kila video ya namna hiyo iliila.

Mapema Machi 2025 abiria alifariki kwenye barabara ya Thika baada ya kudaiwa kusukumwa kutoka ndani ya basi la kampuni hiyo lililokuwa likienda, kwa ugomvi wa nauli. Kati ya mambo yote yaliyowahi kusemwa kuhusu Super Metro, hili ndilo lililouma zaidi, kwa kuwa kampuni ilijengwa juu ya ahadi kwamba nauli haitakuwa tena chanzo cha vita. Tarehe 20 Machi 2025 NTSA ilisimamisha leseni yake. Mamlaka ilitaja ukiukaji wa kanuni za 2014: magari ambayo vyeti vyake vya ukaguzi au leseni vilikuwa vimepitwa na muda, madereva wenye kasoro za leseni, na rekodi za mwendo kasi kutoka kwenye vidhibiti. Baadhi ya madereva walitakiwa kupimwa upya.

Kampuni ilikwenda kwenye Bodi ya Rufaa ya Leseni za Uchukuzi, chini ya uenyekiti wa Adrian Kamotho. Siku chache baadaye bodi ilisitisha agizo la NTSA kwa muda ili pande zote zisikilizwe, na mabasi yakarudi barabarani. Hoja ya kampuni ilikuwa na uzito wake: sehemu kubwa ya magari yake haikuwa na tatizo, na kuwaadhibu wawekezaji wote, wafanyakazi wote na maelfu ya abiria kwa makosa ya wachache si haki. Hoja ya NTSA ilikuwa na uzito zaidi kisheria. Kanuni za 2014 ziliweka wajibu kwa chombo kizima makusudi kabisa, ili jina likubalike au likataliwe kwa pamoja; kampuni iliyofaidika kwa jina moja haiwezi kujigawa vipande siku ya kesi. Tarehe 8 Aprili bodi ilikubaliana na mamlaka, na ikataka masharti yatimizwe kwanza.

Asubuhi zilizofuata abiria wa Kitengela walipata somo kuhusu ukubwa wa kampuni hiyo katika njia yao. Waliokuwa wamezoea kupita magari mengine walipanga foleni kwa magari hayo hayo. Mjadala uliotokea uligawanya watu kwa namna isiyo ya kawaida katika mambo ya matatu: wengi waliitetea kampuni huku wakikubali kwamba imekosa, kwa sababu walikumbuka vizuri njia ilivyokuwa kabla yake. Baada ya kesi kuendelea na masharti kushughulikiwa, mabasi yalirejea kazini.

Kesi ile iliacha swali la ajira bila jibu kamili. Kanuni za 2014 zinadai mkataba na mshahara wa mwezi kwa dereva na kondakta, na vyombo vingi vya usafiri nchini vimeishi zaidi ya muongo mmoja vikitimiza sharti hilo kwenye makaratasi. Mwendo kasi hautaisha kwa kuwapima madereva upya huku riziki yao ikihesabiwa kwa raundi. Kupima kunamwondoa dereva asiyejua alama za barabarani. Hakumwondolei anayejua sababu ya kuzipuuza.

Mipango ya umma kwa ukanda huu imebaki nyuma ya biashara binafsi. Mamlaka ya Usafiri ya Eneo la Jiji la Nairobi, NAMATA, iliundwa mwaka 2017 kwa kaunti tano, Kajiado ikiwamo, na mojawapo ya njia zake za mabasi ya mwendo wa haraka, iliyopewa jina la Ndovu, ilichorwa kutoka Limuru kupitia katikati ya jiji hadi Athi River na Kitengela. Njia hiyo haijajengwa kufika huko. Mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza majaribio Nairobi mwaka 2022 kwa kushirikiana na Citi Hoppa na East Shuttle, nayo ni kampuni binafsi.

Kusini zaidi, kutoka Isinya kupita Kajiado mjini na Bissil hadi mpakani Namanga, mabasi makubwa yenye majina hupungua na usafiri unarudi kwenye magari madogo yanayosubiri kujaa. Barabara yenyewe ni nzuri, kwa kuwa ilijengwa upya kwa ajili ya biashara kati ya Nairobi na Arusha, na kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Desemba 2018 na marais wa Kenya na Tanzania. Hakuna kampuni iliyoona abiria wa kutosha huko ili kupeleka risiti na sare zake, na mfanyabiashara wa mbuzi wa Bissil bado anapatana nauli na dereva dirishani.